Ronald Fisher

Ronald Aylmer Fisher (London, 17 Februari 1890 – Adelaide, Australia, 29 Julai 1962) alikuwa mwanatakwimu na mtaalamu wa jenetiki kutoka Uingereza. Mbinu zake za takwimu zinatumika hadi leo katika utafiti wa kilimo, biolojia na tiba.

Alisoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ingawa macho yake yalikuwa dhaifu. Tangu 1919 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, halafu akawa profesa London (1933) na Cambridge (1943). Alitetea pia eujenia, yaani fikra ya kuamua ni watu gani wanafaa kuzaa, na jambo hilo limechafua jina lake.

Ubishi wake mkubwa wa mwisho ulihusu tumbaku. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha kwamba saratani ya mapafu inaendana na uvutaji wa sigara. Fisher, aliyevuta kiko na kulipwa na watengenezaji wa sigara kama mshauri wao, hakukubali. Kwake, huenda jeni zilezile zinamfanya mtu apende sigara na pia apatwe na saratani. Mwaka 1958 alitumia takwimu za mapacha wa Ujerumani: kati ya jozi 51 za mapacha wa yai moja, 33 zililingana kabisa katika uvutaji, kati ya jozi 31 za mayai mawili, 11 tu.

Kuhusu saratani alikosea vibaya. Walioacha kuvuta walipungukiwa na hatari, ingawa jeni zao zilibaki zilezile. Lakini kwamba urithi unachangia uvutaji, hilo lilithibitishwa. Mwaka 2008 uvutaji mwingi ulihusishwa na eneo la kromosomu 15 lenye jeni za vipokezi vya nikotini. Mwaka 2014 eneo hilohilo lilitokea tena kati ya maeneo 108 yanayohusiana na skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao wagonjwa wake huvuta sigara kuliko watu wengine. Hapo hoja ya Fisher ya chanzo cha pamoja ina uzito zaidi, ila wapo watafiti wanaoona kwamba wagonjwa hutafuta nafuu katika nikotini, na wengine kwamba sigara yenyewe huongeza hatari ya kuugua. Ubishi huo haujaisha, na magonjwa yatokanayo na sigara ni kati ya sababu kubwa za wagonjwa hao kufa mapema.