Bell na Bunduki Yake Nyepesi

Siku unapokwenda dukani kununua jembe, unafanyaje? Hulichukui tu na kuondoka. Unaliinua kwanza. Unapima uzito wake mkononi. Unagonga chuma chake na kusikiliza mlio. Jembe zito mno litakuchosha kabla jua halijapanda. Jembe la chuma kibovu litapinda kwenye kisiki cha kwanza. Wewe ndiwe utakayelima nalo tangu asubuhi, si mwenye duka.

Sasa soma habari za mtu aliyechagua bunduki kama wewe unavyochagua jembe. Ukikosea wewe, utaumwa mgongo. Kama angekosea yeye, angekufa.

Mtu huyo aliitwa Walter Bell. Alizaliwa mwaka 1880 karibu na mji wa Edinburgh, katika nchi ya Skotlandi. Mama yake alifariki Bell akiwa na miaka miwili. Baba yake alifariki Bell akiwa na miaka sita. Kaka zake ndio waliomlea. Shule hakuipenda hata kidogo. Alitoroka shule moja baada ya nyingine. Alipokuwa na miaka 13 alikwenda kufanya kazi baharini.

Lakini moyo wake ulikuwa Afrika. Alipofikia umri wa miaka 16 hivi alikuja huku kwetu Afrika Mashariki. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilikuwa ikijengwa. Simba walikuwa wakiwasumbua wajenzi. Bell alipata kazi ya kuwapiga simba hao. Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja moja. Ukishapiga, unatia nyingine ndipo upige tena. Hebu fikiri, simba yuko mbele yako, nawe unatafuta risasi mfukoni.

Baadaye alikwenda Amerika ya Kaskazini, kwenye baridi kali ya Yukon. Watu walikuwa wakichimba dhahabu huko. Bell aliwinda wanyama na kuwauzia wachimbaji nyama. Kisha alikwenda Afrika ya Kusini kupigana katika vita ya Makaburu. Vita hiyo ilikwisha mwaka 1902. Bell hakurudi kwao. Alianza kazi iliyompa jina, yaani kuwinda tembo na kuuza pembe.

Alikusanya msafara wake Mumias, mji ulio magharibi ya Kenya ya leo. Kutoka hapo walikwenda kaskazini hadi Karamoja, iliyo sasa katika Uganda. Kwa sababu ya safari hizo wazungu wenzake walimwita Bell wa Karamoja. Wapagazi walibeba mizigo, na punda pia. Huko Karamoja Bell alitangaza kwamba atampa ng'ombe mtu atakayeleta habari za tembo, iwapo habari hizo zitamwezesha kupata tembo dume watano au zaidi. Wakaramojong ni wafugaji. Ng'ombe kwao ni mali kuliko fedha. Habari zikaja haraka! Mmoja wa walioleta habari aliitwa Pyjalé. Alikuwa hodari wa kufuata nyayo, naye hakuacha mkuki wake. Akawa rafiki mkubwa wa Bell. Mimi nasema bila watu kama Pyjalé, Bell asingewaona hao tembo, sembuse kuwapiga.

Sasa tuje kwenye bunduki.

Zamani baruti ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi. Nguvu yake ilikuwa ndogo. Kwa hiyo wawindaji wa tembo walitumia bunduki kubwa mno, zenye risasi nene na nzito. Mwishoni mwa karne ya 19 ikapatikana baruti mpya isiyotoa moshi mwingi. Hii ilisukuma risasi kwa kasi zaidi. Hata hivyo wawindaji wengi hawakuacha mawazo ya zamani. Walisema, mnyama mkubwa anataka bunduki kubwa. Walinunua bunduki za mitutu miwili. Bunduki moja ya namna hiyo iliweza kuwa na kilo 6 au zaidi. Chukua penseli yako uitazame. Upana wake ni kama milimita 7. Risasi ya bunduki hizo kubwa iliweza kuwa nene kama penseli mbili zilizowekwa pamoja. Ukiipiga, bunduki inakusukuma begani kwa nguvu mpaka unayumba. Kwa sababu ya uzito, wawindaji wengi hawakuibeba wenyewe. Walibebewa na mtumishi. Na tembo akitokea ghafula, je, kama mtumishi ameshakimbia?

Bell alikuwa nayo bunduki kubwa ya mitutu miwili. Aliijaribu. Lakini aliona kwamba kazi ya mwindaji wa tembo ni kutembea. Alikadiria kwamba kwa kila tembo dume aliyempata, alitembea wastani wa maili 73, yaani kama kilomita 117. Katika mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Kutembea huko kote, juani, na kilo 6 begani! Mikono ikichoka hutetemeka. Mikono ikitetemeka, risasi huenda kwingine.

Kisha akajiuliza swali ambalo wengine hawakujiuliza. Ni kitu gani hasa kinachomwangusha tembo? Alitwaa kichwa cha tembo aliyekufa, akakipasua katikati kwa msumeno. Akaona kwamba kichwa kile kikubwa karibu chote ni mfupa wenye vijumba vijumba, kama sega la nyuki. Ubongo ni mdogo. Umekaa nyuma, katikati ya matundu mawili ya masikio. Ukiupiga ubongo hata kwa risasi nyembamba, tembo huanguka papo hapo. Ukiukosa, hata risasi nene haitamwua mara moja. Basi kinachotakiwa si risasi nene. Kinachotakiwa ni risasi iendayo moja kwa moja, isiyopinda wala kupasuka ndani ya mfupa.

Alipenda bunduki moja nyepesi sana iitwayo Mannlicher. Fundi wa Edinburgh, Daniel Fraser, aliipunguza uzito ikabaki kama kilo mbili na nusu. Bell aliisifu sana, lakini risasi alizopata za bunduki hiyo zilikuwa mbovu. Huwezi kumtegemea tembo akungoje utoe risasi mbovu. Akaiacha.

Aliyoishika zaidi ilitoka kwa Rigby, mafundi wa London. Mtambo wake ulitengenezwa na kiwanda cha Mauser cha Ujerumani. Uzito wake ulikuwa kama kilo tatu na kidogo. Risasi yake ilikuwa ya milimita 7, upana wa penseli yako. Uzito wa risasi ulikuwa gramu 11 hivi. Ilikuwa ndefu, yenye ncha butu, na imevikwa chuma. Haikupinda. Risasi kadhaa zilikaa ndani ya bunduki kwa pamoja, hivyo alipiga tena bila kuchelewa. Mlio wake haukuwa mkubwa. Mara nyingi tembo mmoja alipoanguka, wenzake walisimama wakishangaa.

Tena Bell hakumpa mtu bunduki hiyo ambebee. Aliibeba mwenyewe siku zote. Akiwa njiani aliinyanyua na kulenga, bila risasi ndani, tena na tena, mpaka mikono ikaizoea.

Kwa jumla Bell aliua tembo 1,011. Wengi wao, kama 800, aliwapiga kwa bunduki za aina hii. Hesabu hiyo leo inatuhuzunisha. Pembe zilipelekwa Ulaya na kwingine kutengeneza vitu kama mipira ya biliadi na vibonyezo vya piano. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe kati ya nchi na nchi.

Ipo hatari nyingine katika habari hii. Wawindaji waliosoma habari za Bell walitaka kumwiga. Walinunua bunduki ndogo lakini hawakujifunza kichwa cha tembo. Walijeruhi tu. Tembo aliyejeruhiwa huja na hasira. Huenda akakutana na mama anayechota maji, asiyejua lolote. Kwa sababu hiyo sheria katika baadhi ya nchi, kama Tanzania, hazimruhusu mwindaji kutumia bunduki ndogo kama ya Bell kwa tembo. Mimi naona sheria hizo ni sawa. Bell alikuwa mmoja, na alipiga tembo wengi mahali pa wazi, akiwa na nafasi ya kulenga. Katika kichaka kinene, tembo akija mbio, mambo ni mengine.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, Bell alijifunza kurusha ndege. Alirusha ndege za upelelezi huku kwetu, wakati Waingereza na Wajerumani walipopigania nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Pengine aliruka peke yake, akichukua bunduki yake ya kuwindia. Alipata nishani.

Baadaye alirudi Skotlandi. Alinunua shamba kubwa milimani, akawinda paa wa huko. Aliandika vitabu vya safari zake. Alijua pia kuchora. Alifariki mwaka 1954 akiwa na miaka 73. Kitabu chake kimoja kilitolewa mwaka 1960, yeye akiwa amekwisha kufa. Ndani yake mna michoro aliyoichora kwa mkono wake, ikionyesha kichwa cha tembo na mahali ubongo ulipo.