Krapf Alilia Kwanza



Kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, na somo moja la mahesabu halijanitoka: hasara lazima iandikwe kitabuni. Ukiificha ili faida ionekane kubwa, unajidanganya mwenyewe. Lakini mimi kama mchungaji nimeificha mara nyingi. Juzi niliingia kwenye matanga ya mtoto mchanga, na hata kabla sijaketi nikaanzisha wimbo wa sifa. Mama ya mtoto akainuka polepole, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo namfikiria Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akatumwa Uhabeshi kuhubiri Injili. Mwaka 1842 alimuoa Rosine. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini, nyikani, kabla ya wakati wake, akafa. Hakupewa jina la ushindi. Aliitwa Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari.

Mwaka 1844 wakafika Mombasa. Julai hiyo Rosine alijifungua msichana, na baada ya siku chache homa ikamchukua mama, kisha mtoto. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Rosine akazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Hebu fikiria: mke ameenda, watoto wawili wameenda, na hakuna mwongofu hata mmoja. Krapf hakujifanya ati hajaumia. Alipowaandikia waliomtuma, aliwaeleza kwanza habari ya kaburi. Kisha, kutoka kaburi hilo hilo, akawaambia ni ishara kwamba kazi imeanza pwani hii.

Na hakuondoka. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, alianzisha kituo Rabai. Akatafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani, na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa. Mwaka 1853 afya mbovu ikamrudisha Ulaya. Alifariki Novemba 1881, na inasemekana alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882. Yeye hakuiona.

Wapendwa, tumaini la Krapf lilikuwa la kweli kwa sababu hakuruka chozi. Hata Bwana wetu alijua Lazaro atafufuka, na bado alilia kwanza.

Nimerudi kwa yule mama. Safari hii sikuimba. Nilimuuliza mtoto aliitwa nani. Akanitajia jina, akalia, nami nikalia. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nilipoinuka kuondoka, ni yeye aliyesema, Pasta, tuombe.

Wiki hii ukienda kwa aliyefiwa, keti kwanza. Wimbo utakuja kwa wakati wake.

Mungu awabariki.