Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Kalamu Yake

Marehemu Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, akafiwa na baba yake angali mtoto. Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui akamlea na kumsomesha. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, akiiandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zile walizoandikia wazee wetu barua na tenzi karne nyingi. Na hapa Eldoret twawasikia vijana wakidai kwamba kalamu tuliletewa na Mzungu! Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata alipofariki 1947, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tarehe ya Wamazrui, aliyoiandika kwa Kiarabu, ilipigwa chapa 1995 kwa tafsiri ya Kiingereza, nasi wanawe twaisomea humo.