Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, mama aliyebaki na watoto wa askari

Kila mwaka ifikapo tarehe 17 Novemba, Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, msimamizi wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Waamini wengi wanamtambua kwa picha ya binti mfalme aliyebeba mkate, nao mkate ukageuka kuwa maua ya waridi. Simulizi hilo ni zuri, ila halimo katika ushuhuda wa kwanza uliotolewa na wanawake walioishi naye. Kilichomo humo ni kigumu zaidi: habari za mke kijana ambaye mumewe aliitwa vitani ng'ambo ya bahari, akabaki na watoto wadogo, na siku moja akajikuta akizunguka mjini akitafuta mlango wa kubisha.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Askari wa Uganda na Burundi walianza kwenda Somalia mwaka 2007, wa Kenya wakafuata, na wa Tanzania wametumikia Darfur na mashariki ya Kongo. Katika parokia nyingi wapo watoto wanaomwona baba au mama kwa simu tu, mwaka mzima. Kwa ajili ya familia hizo maisha ya Elizabeti yanastahili kusomwa upya.

Alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrea wa Pili wa Hungaria na Malkia Gertrude. Akiwa na miaka minne tu alipelekwa Thuringia, katika nchi ya Ujerumani ya leo, ili alelewe katika nyumba ya watu ambao siku moja wangekuwa wakwe zake. Mwaka 1213 mama yake aliuawa, na mwaka 1217 baba yake naye alikwenda katika Vita vya Msalaba. Hivyo, kabla hajawa mke wa askari, Elizabeti alikuwa mtoto wa askari, tena mtoto aliyelelewa ugenini na asiye na mama.

Mwaka 1221 aliolewa na Ludwig, mtawala wa Thuringia, wa ngome ya Wartburg iliyo juu ya mji wa Eisenach. Yeye alikuwa na miaka 14, mumewe 21. Ilikuwa ndoa iliyopangwa na wazazi, lakini walipendana kwa namna iliyowashangaza watu wa ikulu. Kila ilipowezekana, Elizabeti alipanda farasi na kusafiri pamoja naye, hata katika baridi. Iliposhindikana, aliyavua mavazi ya fahari na kuvaa kama mjane mpaka habari za kurudi kwake zilipofika. Ndipo alipojipamba tena na kutoka kwenda kumlaki.

Safari moja ya Ludwig ilikuwa ya Italia mwaka 1226, alipoitwa na Kaisari Federiko wa Pili. Mwaka ule njaa kali iliikumba Thuringia. Elizabeti, aliyekuwa ameshika nafasi ya mumewe, alifungua maghala na kuanzisha chini ya ngome hospitali ya wagonjwa 28, ambako alikwenda mwenyewe kuwahudumia. Aliwakusanya huko pia watoto maskini, nao wakamwita mama. Aliwanunulia vyungu vidogo vya udongo vya kuchezea na pete za kioo. Ludwig aliporudi, wasimamizi wa mali walimlalamikia kwamba mkewe amemaliza akiba ya chakula. Yeye aliwanyamazisha na kumwacha aendelee. Mwanamke aliyeachiwa nyumba anahitaji sana neno la namna hiyo mbele ya ndugu wa mume, nalo linafaa kusemwa kabla ya safari ijayo.

Safari hiyo ilikuja mwaka 1227. Ludwig alikuwa ameahidi kwenda Nchi Takatifu pamoja na kaisari. (Hukumu yetu ya leo juu ya vita vile ni somo jingine.) Masimulizi yanasema kwamba aliuficha msalaba wa nguo aliopewa kama alama ya kiapo, asitake kumwogopesha mkewe mjamzito, Elizabeti akaukuta ndani ya mfuko wake, akaanguka na kuzimia. Tarehe 24 Juni askari walikusanyika Schmalkalden, nao wakaagana. Kabla ya kuondoka Ludwig alimwonyesha pete yake, ili mjumbe atakayekuja nayo aaminike.

Hakuifikia Nchi Takatifu. Homa iliyoenea miongoni mwa askari kusini mwa Italia ilimpata, naye akafariki Otranto tarehe 11 Septemba 1227. Siku 18 baadaye, huko Thuringia, Elizabeti alimzaa mtoto wao wa tatu, Gertrude. Hakuna aliyejua ngomeni kwamba mtoto huyo tayari alikuwa yatima. Hermann, mtoto wa kwanza, alikuwa na miaka mitano. Sophie alikuwa na mitatu.

Habari ziliposhuka kutoka Italia, mama mkwe wake alizizuia kwanza mpaka mzazi apate nguvu, kisha akaenda kumwambia yeye mwenyewe. Alianza kwa maneno ya kuzunguka, na Elizabeti akadhani mumewe ametekwa. Wazo lake la kwanza likawa kwamba kwa msaada wa Mungu na wa marafiki angeweza kukombolewa. Alipoelezwa kuwa amekufa, alitoka mbio akilia, akiupitia ukumbi mzima hadi ukuta ukamzuia.

Baada ya hapo msaada ulipungua upesi. Utawala ulishikwa na Heinrich Raspe, ndugu wa Ludwig, kwa niaba ya Hermann mdogo, na mjane akanyang'anywa mali iliyokuwa haki yake. Wanahistoria hawakubaliani kama alifukuzwa Wartburg au aliondoka mwenyewe kwa sababu ya dhamiri, maana aliahidi kutokula chakula kilichotokana na dhuluma kwa maskini, na bila mumewe ahadi hiyo haikuvumiliwa mezani. Kwa vyovyote, shemeji aliyepaswa kuwa ngao yake hakuwa ngao. Majira ya baridi, Elizabeti alishuka Eisenach na wajakazi wake, akalala usiku wa kwanza katika kibanda kilichokuwa zizi la nguruwe. Kengele ilipolia usiku alikwenda kanisani kwa Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko na kuwaomba waimbe Te Deum, wimbo wa shukrani.

Kesho yake watoto waliletwa kwake. Matajiri wa mji waliogopa kumkaribisha. Padre mmoja aliwapokea, kisha wakapata chumba chembamba katika nyumba ya mtu aliyewatendea vibaya. Alipokitoka, Elizabeti alizishukuru kuta zilizomkinga na mvua, kwa kuwa hakuona cha kumshukuru mwenye nyumba. Kikongwe aliyekuwa akipokea sadaka zake alikutana naye mahali penye tope, akamsukuma akaanguka. Aliinuka akicheka, akaenda kufua nguo zake.

Waliobaki naye walikuwa wachache, na inafaa kuwataja. Kwanza ni Guda na Isentrud, wanawake waliomtumikia tangu enzi za ngome. Wa pili ni Mechtild, dada wa marehemu mama yake, mkuu wa monasteri ya Kitzingen, aliyetuma watu kumchukua. (Dada mwingine wa ukoo huo ni Mtakatifu Hedwiga, ambaye Kanisa linamkumbuka tarehe 16 Oktoba.) Wa tatu ni Ekbert, mjomba wake, Askofu wa Bamberg, aliyempa ngome ya Pottenstein akae. Msaada wa mjomba ulikuwa na sharti: alitaka aolewe tena. Elizabeti alikataa katakata, lakini paa juu ya kichwa alilipokea kwa shukrani.

Wa mwisho walikuwa askari wenzake Ludwig. Waliirudisha mifupa yake kutoka Italia, na walipofika Bamberg mjane aliitwa kuipokea. Askofu hakumwachia aende nao mpaka walipoahidi kumpigania apate haki yake. Walitimiza ahadi: mwaka 1228, baada ya Ludwig kuzikwa katika monasteri ya Reinhardsbrunn, walimkabili Heinrich Raspe ana kwa ana na kumwaibisha kwa alivyomtendea mke wa ndugu yake. Kati ya wote waliomsaidia, hawa ndio waliojua hasa Ludwig alikufa akiwa amemwacha nani nyumbani.

Alipata mark 2,000 za fedha, na kwa mali hiyo alijenga huko Marburg hospitali kwa heshima ya Mtakatifu Fransisko, akaishi humo kwa kuwahudumia wagonjwa waliokataliwa. Padre Konrad, mlezi wake wa kiroho, alimwongoza kwa ukali ambao Mkristo wa leo hawezi kuusoma bila kuumia. Hata Guda na Isentrud aliwaondoa. Elizabeti alifariki usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba 1231, akiwa na miaka 24. Papa Gregori wa Tisa alimtangaza kuwa Mtakatifu siku ya Pentekoste ya mwaka 1235.

Kuhusu watoto, ushuhuda wa wajakazi hauna urembo. Elizabeti aliwatuma mbali, kila mmoja mahali pake, kwa sababu hakuwa na namna ya kuwalisha. Baadhi ya vitabu vya sala vinalisifu tendo hilo kama ushindi dhidi ya upendo wa dunia. Mimi naona humo mama aliyezidiwa, aliyewatafutia wanawe mahali penye chakula na ulinzi ambavyo ukoo wa baba yao haukumpa.

Hermann alifariki mwaka 1241 akiwa kijana wa miaka 18. Sophie aliolewa na mtawala wa Brabant, naye alipokuwa mjane alipigania kwa miaka mingi urithi wa mwanawe, akijitambulisha katika hati zake kama binti wa Mtakatifu Elizabeti. Gertrude, ambaye baba yake hakumwona kamwe, alipelekwa akiwa bado mchanga kwa watawa wa Altenberg, karibu na Wetzlar. Watawa hao walimlea, na mwaka 1248 wakamfanya kuwa mkuu wao. Aliongoza nyumba ile karibu miaka 50, akiwahudumia maskini na wagonjwa, mpaka alipofariki mwaka 1297. Kanisa linamheshimu kama Mwenye Heri.