John Boyd Dunlop: daktari wa mifugo aliyetupatia tairi la upepo

Ukisimama Magomeni, Kilosa, ukahesabu vinavyopita kwa nusu saa, utaona baiskeli yenye mkaa, bodaboda yenye abiria wawili, fuso la mahindi na gari dogo la mtu binafsi. Vyote vimekalia upepo. Aliyefanya jambo hilo liwe la kawaida hakuwa fundi wa magari. Alikuwa daktari wa mifugo, na jina lake bado limeandikwa kwenye matairi: John Boyd Dunlop.

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland, kwenye familia ya wakulima. Alisomea udaktari wa mifugo mjini Edinburgh na kumaliza akiwa na umri wa miaka 19 tu. Mwaka 1867 alihamia Ireland, na baadaye akafungua kituo chake katika mji wa Belfast. Siku hizo farasi ndiye aliyevuta mizigo na watu, kwa hiyo kazi ya daktari wa farasi haikukauka. Mwaka 1871 alimwoa Margaret Stevenson, wakajaliwa mtoto wa kike na wa kiume.

Baiskeli ya mtoto

Mwanawe wa kiume alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu ya wakati huo yalivishwa mpira mgumu usio na upepo ndani, au yalikuwa chuma kitupu. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe. Mtoto akiendesha alitikisika mwili mzima.

Dunlop alikuwa amezoea kushughulika na mpira katika kazi yake. Oktoba 1887 alichukua duara la mbao, akalizungushia bomba jembamba la mpira, kisha akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Akaliviringisha uani kwake, na pembeni akaviringisha gurudumu la kawaida la baiskeli ile. Gurudumu la kawaida lilichoka na kuanguka njiani. Lile lenye upepo lilifika mwisho wa ua, likagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma.

Hapo alipata jibu. Upepo haukumpunguzia mtoto maumivu tu, ulifanya gurudumu liende mbali zaidi kwa nguvu ileile. Jiwe likikutana na mpira mgumu, linainua gurudumu na mzigo wote. Likikutana na tairi la upepo, linabonyea sehemu ndogo tu ya tairi, na gari linaendelea.

Mwaka 1888 Dunlop alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mtu aliyebuni kitu ili wengine wasikitengeneze bila ruhusa yake. Mei 1889 mwendesha baiskeli Willie Hume aliingia mashindano mjini Belfast akiwa na matairi hayo manene, akashinda. Muda si mrefu, kila aliyetaka kushinda aliyatafuta.

Hataza yapotea

Mfanyabiashara wa Dublin, Harvey du Cros, aliona fedha iliyomo. Mwaka 1889 kampuni ikaanzishwa, Dunlop akaikabidhi haki yake ya ubunifu na kupewa hisa.

Kisha ikaja habari mbaya. Mwaka 1890 Dunlop alijulishwa kwamba hataza yake haina nguvu. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo hilohilo mwaka 1845, miaka zaidi ya 40 kabla yake. Thomson aliyajaribu matairi yake kwenye magari ya farasi mjini London, yakafanya kazi vizuri. Lakini wakati wake baiskeli za kuyahitaji hazikuwepo, mpira ulikuwa ghali, wazo likasahaulika. Thomson alifariki mwaka 1873 bila kuliona likienea.

Kampuni haikufa, kwa sababu ilinunua hataza za watu wengine waliotatua tatizo ambalo Dunlop hakulitatua. Tairi lake la kwanza liligandishwa kwenye gurudumu, na likipata pancha kulitoa ilikuwa kazi kubwa. Wabunifu wengine ndio waliotengeneza tairi linalovuliwa na kuvishwa kwenye rimu, na valvu bora ya kuingizia upepo. Nchini Ufaransa, ndugu wa Michelin walitoa tairi lao la baiskeli linalovuliwa mwaka 1891, na mwaka 1895 wakaingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux.

Dunlop alijitoa katika kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa takribani pauni milioni 3, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Utajiri mkubwa ulikwenda kwa wengine, ingawa jina lililobaki kwenye tairi ni lake.

Uhitaji wa matairi ulikuwa na upande wa giza pia, na ulitugusa Waafrika. Nchini Kongo, chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema mpira. Walioshindwa kufikisha kiasi walichopangiwa walipigwa, waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Leopold alinyang'anywa nchi hiyo mwaka 1908, baada ya dunia kupiga kelele. Dunlop hakuagiza ukatili huo, lakini historia ya tairi haikamiliki bila kuwataja watu wale.

Dunlop alifariki Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akiwa na umri wa miaka 81.

Upepo wa leo unajisema wenyewe

Tangu siku za Dunlop jambo moja halijabadilika: kinachobeba mzigo ni upepo. Ukipungua, ukuta wa tairi unajikunja kila mzunguko, unapata joto, na mwisho tairi linapasuka. Kwenye lami ndefu ya kupita Mbuga ya Mikumi, jua la mchana na mwendo mkali, kupasuka kwa tairi ni suala la kufa na kupona.

Ndiyo maana Marekani iliagiza magari madogo yote mapya kuanzia mwaka 2007 yawe na mfumo wa kupima upepo, na Ulaya ikafuata. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoingia nchini sasa yanao. Katika mengi, sensa ndogo yenye betri hukaa ndani ya rimu, imefungwa na valvu. Upepo ukishuka, taa ya njano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao huwaka kwenye dashibodi.

Tatizo huja mtu anapobadili rimu ili gari lipendeze. Mambo ya kuzingatia ni haya:

Mwambie fundi mapema kwamba gari lina sensa. Akibandua tairi kwa nguvu karibu na valvu, ataivunja.

Hakikisha rimu mpya ina nafasi ya sensa. Kama sensa za zamani ni nzima, zihamishwe. Betri yake hudumu kati ya miaka 5 na 10 hivi, na ikiisha kwa kawaida hununuliwa sensa nyingine. Sensa mpya lazima ilingane na gari lako, kwa sababu magari ya Japani na ya Ulaya mara nyingi hutumia masafa tofauti.

Baada ya kufunga, baadhi ya magari huzitambua sensa yenyewe baada ya kutembea kidogo. Mengine huhitaji kifaa cha fundi.

Taa ikiwaka moja kwa moja, pima upepo. Katika magari mengi, ikipepesa kwa dakika moja hivi baada ya kuwasha gari kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Usikubali taa izibwe kwa gundi ya karatasi.

Kama gari halina sensa, na mengi hayana, nunua geji. Pima asubuhi kabla ya kutembea, matairi yakiwa ya baridi. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye tairi lenyewe ni ya juu kabisa linayoweza kubeba, si ya kujazia. Na usisahau tairi la akiba.