Max Looff
Max Looff (1874 - 1954) alikuwa afisa wa jeshi la majini la Ujerumani na nahodha wa manowari Königsberg.

Tarehe 20 Septemba 1914 aliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus bandarini Zanzibar. Muda mfupi baadaye injini ya meli yake iliharibika, akajificha katika delta ya Rufiji, leo wilaya ya Kibiti. Sehemu zilizoharibika zilikokotwa na vibarua Waafrika kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa. Lakini Waingereza walikuwa wameifunga njia ya baharini.

Tarehe 11 Julai 1915, meli ikiwa imevunjwa kwa mizinga, Looff aliamuru izamishwe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kutumika katika vita vya nchi kavu.