Ansel Adams, aliyeongoza jicho kwa kivuli cha mkono

Ansel Adams alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1902. Alisomea piano kwa miaka mingi kabla ya kuchagua kamera.

Jioni ya Novemba 1, 1941, akiwa safarini jimboni New Mexico, aliuona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, huku jua la machweo likimulika misalaba ya makaburini. Kipima mwanga hakikuonekana. Alikadiria kwa mwangaza wa mwezi, akapiga picha moja. Kabla hajapiga ya pili, misalaba ilikuwa imeingia kivulini.

Kazi kubwa ilibaki chumba cha giza. Taa ilipomulika karatasi ya picha, alikinga kwa kadi au mkono sehemu alizotaka zing'ae, na kuongeza mwanga pale alipotaka pawe peusi. Kadiri miaka ilivyopita alizidi kuitia anga giza, mawingu ya juu yakamezwa, jicho likabaki na mwezi na misalaba.

Katika picha ya milima karibu na Lone Pine, California, ya mwaka 1944, alikwenda mbali zaidi: alifuta herufi L na P zilizochorwa mlimani na wanafunzi. Wapo waliomlaumu. Hata hivyo hakuficha; vitabuni alieleza alichofanya na sababu yake.

Alifariki mwaka 1984. Mwaka 2006 nakala ya picha ya Hernandez iliuzwa mnadani New York kwa dola 609,600. Namna ilivyotengenezwa haikuwa siri kwa mnunuzi: mwenyewe alishaiandika.